Figo Zimefeli Ghafla: Ultrasaundi Iulizwe Nini?

Fomu nyingi zinazofika chumba cha ultrasaundi huwa zimeandikwa maneno machache tu: figo zimefeli, naomba kipimo. Swali halimo. Daktari wa wodini ameona kreatinini imepanda na mkojo umepungua, basi anampeleka mgonjwa kwenye mashine akitumaini picha itamwambia sababu. Mara nyingi picha haisemi. Ripoti inarudi imeandikwa "figo zote mbili zinaonekana za kawaida", na wodini inasomwa kana kwamba kipimo hakikufanya kazi au, vibaya zaidi, kana kwamba figo ni nzima.

Nzima si nzima. Figo kufeli ghafla hutambuliwa kwa damu na mkojo. Kwa mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2012, inatosha kreatinini ipande kwa mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au ifike mara 1.5 ya kiwango cha awali ndani ya siku 7, au mkojo uwe chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kila saa, kwa saa 6 mfululizo. Mtu aliyeharisha siku tatu, akakaukiwa maji, kisha akameza diklofenaki kutuliza tumbo, anaweza kutimiza masharti hayo yote huku figo zake zikionekana kwenye skrini kama za mtu aliyekuja kupima afya. Ultrasaundi huona umbo, haioni kazi.

Hata hivyo yako maswali machache ambayo mashine hii huyajibu vizuri kuliko kipimo kingine chochote cha bei yake. Je, mkojo umezuiwa njiani? Figo ni mbili, na zina ukubwa gani? Kibofu kimejaa au kitupu? Akiulizwa mpimaji maswali hayo, atajibu kwa uhakika ndani ya dakika kumi. Akiulizwa lile ambalo ndugu wa mgonjwa wanalisubiri koridoni, yaani kama figo zitarudi, anaweza tu kubahatisha.

Kabla ya ultrasaundi kuenea, kutafuta mzibo kulimaanisha kumchoma mgonjwa dawa ya rangi kwenye mshipa, kisha kumpiga eksirei kadhaa za tumbo na kufuatilia dawa inavyoshuka na mkojo. Kwa figo iliyofeli njia hiyo ina kasoro mbili: figo haiichuji dawa, kwa hiyo picha hutoka hafifu, na dawa yenyewe yaweza kuidhuru figo zaidi. Mwaka 1978 Ellenbogen na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti uliolinganisha picha za ultrasaundi na za eksirei ya dawa. Ultrasaundi ilikamata asilimia 98 ya mizibo. Lakini takriban robo ya wasio na mzibo nao walionekana kama wanao. Mashine zimekuwa bora mno tangu hapo, ila tabia ya kipimo haijabadilika, kwa sababu chanzo chake si ubora wa mashine. Kinachoonekana kwenye skrini ni njia ya mkojo iliyotanuka. Kwamba imetanuka kwa sababu ya kuzibwa, hilo ni hitimisho la mpimaji.

Wengi huanza na figo. Mimi naona ni bora kuanza na kibofu, hasa kwa mwanamume wa makamo na kwa yeyote aliyewekewa mpira wa mkojo. Probu ya tumbo, ile iliyopinda, huwekwa juu kidogo ya mfupa wa kinena. Urefu, upana na kina cha kibofu hupimwa kwa sentimita, huzidishwa pamoja, kisha huzidishwa kwa 0.52. Kibofu chenye 14 kwa 12 kwa 11 kina karibu mililita 960. Mgonjwa huyo hana haja ya kujadiliwa sana: anahitaji mpira leo, na kreatinini ipimwe tena kesho. Kama mpira tayari upo na puto lake linaonekana likielea ndani ya kibofu kilichojaa, basi mpira ndio ulioziba, na "hakojoi" iliyoandikwa kwenye faili la wodi haina maana iliyodhaniwa. Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyopenda kukiri, na dawa yake ni bomba la sindano na maji ya chumvi.

Kisha figo. Ya kulia hutazamwa kupitia ini, ambalo hupitisha mawimbi vizuri. Ya kushoto haina bahati hiyo, kwani gesi ya tumbo na utumbo huiziba, kwa hiyo probu huenda ubavuni na nyuma zaidi, mgonjwa akivuta pumzi na kuizuia. Figo ya mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 9 hadi 12, ya kushoto ikizidi ya kulia kidogo. Hapa ndipo picha inapotoa taarifa ambayo damu haitoi. Kreatinini ya mikromoli 700 kwa mtu ambaye hajawahi kupimwa inaweza kuwa ya wiki hii au ya miaka mitano. Figo zote mbili zikiwa sentimita 7, gamba limekonda na linang'aa kuliko ini, ugonjwa ni wa siku nyingi, hata kama mgonjwa alianza kujisikia vibaya Jumapili. Hapo mpango hubadilika: mazungumzo huwa ya kusafisha damu kwa muda mrefu, si ya kungoja figo ziamke.

Sheria hiyo ina matobo, na kwa Afrika Mashariki matobo hayo ni makubwa. Ugonjwa wa figo unaotokana na kisukari unaweza kuacha figo na urefu wa kawaida hadi hatua za mwisho. Ule unaotokana na VVU huacha figo kubwa zenye mng'ao mkali. Figo zenye vifuko vingi vya maji, ugonjwa wa kurithi, huwa kubwa kupita kiasi. Kwa hiyo figo ndogo ni ushahidi mzuri kwamba ugonjwa ni wa zamani, lakini figo kubwa si ushahidi kwamba ni mpya. Na mng'ao nao usiaminiwe peke yake: figo hulinganishwa na ini upande wa kulia na bandama upande wa kushoto, na ini lenye mafuta, linalozidi kuonekana mijini, hung'aa lenyewe na kuifanya figo yenye ugonjwa ionekane nyeusi na ya kawaida.

Kuna jambo moja ambalo ripoti nyingi hulisahau. Figo moja ikizibwa na nyingine ni nzima, kreatinini haipandi sana. Ukiona mzibo upande mmoja tu na kreatinini iko juu mno, tafuta maelezo ya upande wa pili: huenda figo ya pili imesinyaa miaka mingi iliyopita, au haikuwahi kuwepo. Ripoti inayosema "mtanuko wa figo ya kulia" bila kutaja urefu na unene wa ile ya kushoto imeacha nusu ya kazi.

Mtanuko wenyewe huonekana kama eneo jeusi linaloungana katikati ya figo, mahali ambapo kwa kawaida pana mng'ao mweupe wa mafuta. Lakini weusi huo unaweza kuwa vena ya figo. Dopla ya rangi ikiwashwa, vena hujaa rangi na mkojo hubaki mweusi. Unaweza kuwa vifuko vya maji vilivyopangana katikati ya figo, hivyo haviungani. Mjamzito hutanuka njia ya mkojo bila mzibo wa maana, hasa kulia, kwa sababu ya homoni na uzito wa kizazi. Na kibofu kilichojaa pomoni huweza kutanua figo zote mbili kwa muda, ndiyo sababu nyingine ya kuanza na kibofu: mgonjwa akojoe kwanza, kisha figo zitazamwe upya.

Upande wa pili wa hesabu, yaani mzibo upo na picha haiuoni, ni wa nadra zaidi lakini ndio unaoua. Siku ya kwanza hadi ya tatu ya mzibo, njia inaweza kuwa haijapata muda wa kutanuka. Mgonjwa aliyekaukiwa maji hatengenezi mkojo wa kutosha kuitanua. Na saratani au kovu lililoizunguka mirija ya mkojo nyuma ya tumbo huishika kama gamba gumu, isiweze kutanuka hata ikiwa imefungwa kabisa. Kwa hiyo pale ambapo historia inaelekeza kwenye mzibo na picha inakanusha, historia ndiyo ya kusikilizwa: mgonjwa apewe maji, picha irudiwe baada ya siku moja au mbili.

Sasa swali linalowagawa wataalamu: apimwe kila mwenye figo zilizofeli ghafla, au wachaguliwe? Mwongozo wa NICE wa Uingereza unachagua. Chanzo kikijulikana, ultrasaundi haihitajiki kwa kawaida. Kisipojulikana, au mgonjwa akiwa katika hatari ya mzibo, apimwe ndani ya saa 24. Na akishukiwa kuwa na usaha kwenye figo iliyozibwa, ndani ya saa 6, kwa kuwa usaha huo usipotolewa sumu huingia kwenye damu haraka.

Ushahidi mzito wa upande wa kuchagua ulitoka Yale, Marekani, mwaka 2010. Licurse na wenzake walitunga mfumo wa kupanga wagonjwa kwa hatari, kisha wakaujaribu kwa wagonjwa karibu 800 waliolazwa. Katika kundi la hatari ndogo walikuwamo 223. Saba walikutwa na mtanuko, na mmoja tu ndiye aliyehitaji kufunguliwa njia. Ultrasaundi 223 kwa mtu mmoja. Kwa hospitali ambayo kila kipimo kina ankara yake, hoja inaeleweka.

Tatizo linakuja pale mfumo huo unaposafirishwa. Hatari ilishuka kama mgonjwa alikuwa na moyo uliochoka, kama alipewa dawa zinazodhuru figo akiwa wodini, kama dalili zake zilikuwa za kupungukiwa maji au damu. Hivyo ni vigezo vya watu ambao figo zao zilifelia hospitalini. Kwetu wengi hufika mlangoni figo zikiwa zimeshafeli, baada ya siku kadhaa nyumbani, wakipitia duka la dawa na pengine kwa mganga. Zaidi ya hapo, kutokuwa mtu Mweusi kulihesabiwa kama kigezo cha kuongeza hatari ya mzibo. Hiyo ilikuwa takwimu ya wagonjwa wa Yale. Ukiichukua na kuibandika ukutani Mwanza au Kisumu, karibu kila mgonjwa anaanza akiwa amepunguziwa alama kwa sababu isiyohusiana kabisa na mirija yake ya mkojo. Sijui kigezo kinachoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba mfumo wa alama ni picha ya mahali ulipotungwa.

Maana vyanzo vya mzibo huku si vile vya Yale. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Mrija wa mkojo hupita kama sentimita 2 tu pembeni ya mlango wa kizazi, kwa hiyo uvimbe unaotoka nje kuelekea ukuta wa nyonga hukutana nao mapema. Ndiyo sababu katika mpangilio wa kimataifa wa hatua za saratani hii, figo kutanuka au kufa kwa ajili ya uvimbe humpandisha mgonjwa hadi angalau hatua ya IIIB, bila kujali mengine yanavyoonekana. Mwanamke wa miaka 45 anayetokwa na damu isiyo ya kawaida, amechoka, anatapika, na kreatinini iko juu: huyo hana haja ya kupangwa kwa alama. Probu iwekwe mara moja.

Na hapa kipimo hakiishii kwenye utambuzi. Dawa ya sisplatini, inayotolewa sambamba na mionzi kwa saratani hii, huchujwa na figo na huzidhuru. Figo zikiwa zimezibwa haitolewi. Kufungua njia ndiko kunakomrudishia mgonjwa nafasi ya tiba kamili. Mara nyingi mirija haipitiki kutokea chini, kwenye kibofu, kwa sababu uvimbe umeibana, kwa hiyo mrija mwembamba hupenyezwa kupitia ngozi ya mgongoni hadi ndani ya figo, sindano ikiongozwa na ultrasaundi ileile. Figo ipi ifunguliwe kwanza? Ile yenye nyama nene zaidi. Yenye mtanuko mkubwa kuliko zote huvutia jicho, lakini mara nyingi ndiyo iliyozibwa muda mrefu na kubaki ngozi tupu. Ukiifungua hiyo, mkojo utatoka kidogo na kreatinini haitashuka. Kwa hiyo unene wa nyama ya figo, kipimo kinachochukua sekunde tano, ndio unaoamua upande. Hayo yote yanadhani yupo mtu wa kuchoma sindano hiyo. Katika hospitali nyingi za wilaya hayupo, na ripoti nzuri ya ultrasaundi huwa tiketi ya rufaa.

Wanaume huletwa na tezi dume, mara nyingi baada ya miezi ya kukojoa kwa matone. Hao kibofu kinawasema mapema, na mpira huwaokoa. Kichocho kinahitaji jicho la pekee. Mayai ya *Schistosoma haematobium* hukwama kwenye ukuta wa kibofu na sehemu ya chini ya mirija, yakaunenepesha na hatimaye kuacha kovu. Pwani, visiwani na maeneo ya Kanda ya Ziwa, ukuta wa kibofu uliovimba kwa mabonge, pamoja na figo zilizotanuka, kwa kijana ambaye hana saratani wala tezi dume, unapaswa kumpeleka mpimaji huko. Wataalamu waliokutana Niamey mwaka 1996 chini ya Shirika la Afya Duniani waliweka utaratibu wa pamoja wa kuyapima mabadiliko haya kwa ultrasaundi, na utaratibu huo bado unafaa kufuatwa. Kwa watoto, mengi ya mabadiliko hayo hurudi nyuma ndani ya miezi baada ya prazikwanteli. Kovu lililokwisha kukomaa halirudi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: katika hospitali zetu, mtu yeyote mwenye figo zilizofeli ghafla ambaye hajawahi kupimwa apigwe ultrasaundi ya kibofu na figo siku ileile anayolazwa. Mgonjwa wa malaria kali au wa kifafa cha mimba ambaye chanzo chake kiko wazi anaweza kusubiri, mradi anakojoa. Na kama picha za figo za mgonjwa zilipigwa mwezi uliopita zikawa nzuri, kuzirudia bila swali jipya ni kupoteza foleni ya wengine.

Kuhusu Dopla ya ateri ndani ya figo nitasema machache. Kipimo chake, kipimo cha ukinzani, hupatikana kwa kuchukua kasi ya juu ya damu, kuiondolea kasi ya mwisho wa pigo, na kugawa kwa ile ya juu. Zaidi ya 0.7 huhesabiwa kuwa juu. Mwaka 1991 Platt na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba wagonjwa ambao mirija midogo ya figo imekufa walikuwa na wastani wa juu kuliko wale waliokosa tu maji au damu, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba hapo ndipo jibu la "zitarudi au hazirudi" lilipojificha. Utafiti wa vituo kadhaa vya Ufaransa uliochapishwa mwaka 2018, kwa wagonjwa mahututi, ulikuta kipimo hicho kinashindwa kutabiri nani figo zake zitaendelea kufeli. Haishangazi: umri, ateri zilizokakamaa, mapigo ya moyo, hata mkono wa mpimaji kubonyeza zaidi, vyote huisogeza namba. Muda huo nautumia pengine.

Pengine penyewe ni upande wa vena. Mwaka 2020 William Beaubien-Souligny na wenzake wa Montreal walichapisha mfumo uitwao VExUS, waliouunda kwa wagonjwa 145 wa upasuaji wa moyo. Hutazamwa kwanza mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni kutoka chini. Ukiwa na kipenyo cha sentimita 2 au zaidi, hutazamwa mtiririko katika vena za ini, vena ya mlango wa ini na vena ndani ya figo. Walioonyesha msongamano mkali ndio ambao figo zao zilifeli zaidi. Maji hayatoki shambani kama mfereji wa kutolea umefurika. Vivyo hivyo figo haichuji dhidi ya vena iliyojaa. Mfumo mzima ni mgumu kuutekeleza bila mazoezi, na wagonjwa 145 wa moyo si watu wote. Lakini hatua ya kwanza pekee, mshipa mkuu mnene usionywea mgonjwa akivuta pumzi, pamoja na maji kwenye mapafu, inatosha kumzuia daktari asitundike dripu ya tatu kwa mtu ambaye figo zake zinazama. Katika wodi zetu dripu ndiyo jibu la kwanza kwa kila kreatinini iliyopanda, na hapo ndipo naona mashine inaweza kuokoa watu wengi zaidi kuliko kwa kuhesabu ukinzani.

Baada ya njia kufunguliwa, picha isitumiwe kupima mafanikio. Figo iliyotanuka kwa wiki kadhaa hubaki imetanuka siku nyingi hata mkojo ukiwa unapita bila shida. Kinachofuatwa ni ndoo na damu. Baadhi ya wagonjwa hukojoa zaidi ya mililita 200 kwa saa, lita 3 au zaidi kwa siku, na wakiachwa bila kurudishiwa maji na chumvi hufeli upya kwa kukaukiwa. Kwa aliyewekewa mrija mgongoni, mkojo ukikata ghafla, mrija ndio wa kushukiwa kwanza: usafishwe kwa maji ya chumvi kidogo kidogo, na usipofunguka, mgonjwa arudishwe kwenye mashine siku hiyohiyo kuangalia kama ncha bado iko ndani ya figo.